Mfunze Kwanza Kutofautisha

Mtoto anaposoma darasani "mahari pa kulala" badala ya "mahali pa kulala" na wenzake wakaangua kicheko, mwalimu hufanya jambo ambalo karibu kila mtu mzima angelifanya: hulirudia neno kwa sauti kubwa zaidi. "Mahali! Sema mahali!" Mtoto anajikaza, anafungua kinywa, anasema "mahari." Hapo tunaanza kumwona mbishi, au mzito wa ulimi, au mvivu. Naomba tulitazame jambo hili kwa upande mwingine. Yawezekana kabisa kwamba mtoto huyo hasikii tofauti yoyote kati ya alichosema mwalimu na alichosema yeye. Na ikiwa sikio halijazitenga l na r, ulimi utazitenga kwa kufuata nini?

Naandika haya kwa ajili ya wazazi, walimu, mafundi wenye wanagenzi, na mtu mzima yeyote aliyejiwekea nia ya kujifunza jambo jipya. Ushauri wangu wote unatokana na jambo moja ambalo wanasaikolojia wamelichunguza tangu karne ya 19: sehemu kubwa ya kujifunza ni kuanza kuona, kusikia, kunusa au kugusa tofauti ambayo jana ilikuwa mbele yako na hukuitambua. Tukimdai mwanafunzi jibu kabla hajaipata tofauti hiyo, tunamtesa bure, na mara nyingi tunamfanya aamini kwamba kasoro ni yake.

Nianze na sikio, kwa sababu huko ndiko watoto wetu wanakoonewa zaidi. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, watafiti wa Vancouver nchini Kanada, walichapisha utafiti juu ya watoto wachanga waliozaliwa katika nyumba zinazozungumza Kiingereza. Waliwasikilizisha sauti mbili za t za Kihindi ambazo kwa sikio la Mwingereza ni sauti moja tu. Wengi wa watoto wenye miezi 6 hadi 8 walizitofautisha. Kati ya wale waliokuwa na miezi 10 hadi 12, ni wachache walioweza. Masikio yao hayakuwa na ugonjwa wowote. Ubongo ulikuwa umeshang'amua kwamba tofauti ile haibebi maana yoyote katika mazungumzo ya nyumbani, ukaacha kuishughulikia, ukaelekeza nguvu kwenye tofauti zenye kazi.

Hayo ndiyo yanayotokea hapa kwetu. Kikuyu kina r lakini hakina l. Katika Luganda sauti hizo mbili hupokezana: irabu iliyotangulia ndiyo inayoamua itokee ipi, kwa hiyo msemaji hana sababu ya kuzihesabu kuwa ni mbili. Mtoto aliyekulia ndani ya lugha hizo amefanya kazi yake barabara tangu akiwa mgongoni mwa mama, na anapofika kwenye Kiswahili tunamkuta na sikio lililonolewa vizuri kwa kazi nyingine. Hata sisi tunaojiona wenye Kiswahili chetu tuna mapengo yetu. Mzee wa Mombasa akitamka paa wa porini hutoa pumzi kwenye p. Akitamka paa la nyumba haitoi. Watu wengi wa bara husikia neno moja, na wamelisikia hivyo maisha yao yote bila kujua kwamba wamepitwa na kitu.

Basi mtoto wa namna hiyo asaidiweje? Tafuta jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti hiyo moja tu: kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari, mbali na mbari. Chora picha mbili, ya kalamu na ya watu wakila karamu. Tamka neno moja, naye anyooshe kidole kwenye picha. Usimwambie atamke chochote. Mara tu anapochagua, mwambie: ndiyo, au hapana, ilikuwa ile. Kisha neno jingine, bila mpangilio anaoweza kuukisia. Dakika kumi kwa siku zinatosha, na zinafaa kuliko saa nzima ya Jumamosi.

Halafu, na hili watu wengi hulisahau, usimfunze kwa sauti yako peke yako. Mwite shangazi, mwite kaka yake, mwombe jirani atamke yale maneno na umrekodi kwenye simu. David Pisoni na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, waliwafunza watu wazima wa Kijapani kutofautisha l na r za Kiingereza, tofauti inayowasumbua sana. Waliofunzwa kwa sauti za wasemaji mbalimbali waliuhamisha ujuzi wao hata kwa msemaji ambaye hawajawahi kumsikia. Waliofunzwa kwa sauti ya mtu mmoja walizoea kumwelewa mtu huyo, basi.

Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 1997, Ann Bradlow akishirikiana na Pisoni na watafiti wa Japani walirekodi matamshi ya wanafunzi kabla na baada ya wiki chache za mafunzo ya kusikiliza. Kumbuka kwamba wanafunzi hao hawakufundishwa kutamka. Walisikiliza, walichagua, waliambiwa kama wamepata au wamekosa. Hata hivyo matamshi yao yaliboreka kiasi kwamba wasikilizaji Wamarekani walitambua tofauti. Sikio lilifunzwa, ulimi ukafuata. Ukiwa mwalimu wa darasa la pili mwenye watoto 70, huwezi kukaa na kila mmoja, lakini unaweza kuwapa watoto kadi mbili kila mmoja, utamke neno, wote wainue kadi kwa mara moja. Kwa mtazamo mmoja wa darasa utajua ni nani anasikia na nani bado, na hakuna atakayechekwa.

Kutoka kwenye sikio twende kwenye pua, tena pua ya mnyama, kwa sababu sijui mahali popote katika Afrika Mashariki ambapo kazi ya kufundisha hisi inafanywa kwa uangalifu kuliko Morogoro. Huko, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO lenye asili ya Ubelgiji huwafunza panya buku kunusa vitu kama vile baruti ya TNT iliyomo kwenye mabomu ya kutegwa ardhini, na makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu. Panya mmoja, Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu zaidi ya 100 katika maisha yake ya kazi, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya ushujaa na shirika la PDSA la Uingereza. Eneo lenye ukubwa wa uwanja wa tenisi panya wa aina yake hulikagua kwa nusu saa hivi. Mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kuchukua hadi siku nne, kwa kuwa kila msumari na kila kizibo cha soda humsimamisha.

Mafunzo ya panya huyo huchukua takriban miezi 9. Tazama yanavyokwenda. Kwanza, akiwa na wiki chache tu, huzoeshwa watu, sauti na nyuso za ardhi mbalimbali ili asiwe na woga. Kisha husikilizishwa mlio mfupi wa kidude cha mkononi, "klik," na papo hapo hupewa chakula, kama vile ndizi iliyopondwa. Siku zinavyopita mlio wenyewe unakuwa habari njema. Haya ndiyo aliyoyaeleza Ivan Pavlov wa Urusi kutokana na mate ya mbwa wake: kitu kisicho na maana kikitangulia chakula mara nyingi, mwili huanza kukijibu kama vile ndicho chakula. Baada ya hapo panya huwekewa harufu inayotafutwa. Akiinusa na kutulia juu yake, klik, halafu ndizi. Kisha huwekewa harufu ile pamoja na nyingine zisizotakiwa. Akitulia juu ya isiyotakiwa, hatendewi jambo lolote. Mlio hausikiki tu, naye anaendelea kutafuta. Akishaweza mezani, kazi huhamia kwenye udongo, na kutoka udongo wa karibu hadi uwanja mpana.

Nimeyaeleza kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo shule zetu na karakana zetu zinayakosa, na hayahitaji fedha.

La kwanza ni wakati. Klik hulia katika nukta ile ile ambayo panya amepatia. Ikichelewa sekunde chache, atakuwa ameshageuza kichwa, na atakachojifunza ni kugeuza kichwa. Sasa fikiria daftari la hesabu lililokusanywa Jumatatu na kurudishwa Ijumaa likiwa na alama nyekundu. Mtoto hakumbuki tena alikuwa anafikiri nini alipoandika jibu la swali la tatu. Mwalimu mwenye mzigo wa madaftari hawezi kulaumiwa, lakini anaweza kufanya hivi: aandike majibu ubaoni dakika kumi kabla ya kengele, kila mtoto ajisahihishe hapo hapo wakati mawazo yake bado ni ya moto. Mzazi anayesimamia kazi za nyumbani asisubiri ukurasa ujae. Asahihishe swali kwa swali mpaka mtoto ashike, ndipo amwachie nafasi.

La pili ni mifano isiyotakiwa. Panya asiyewahi kuwekewa harufu nyingine hajui mpaka wa ile anayoitafuta. Vivyo hivyo mtoto aliyeonyeshwa pembetatu za aina moja tu, zilizokaa wima na kitako chini, hushtuka akiona pembetatu iliyolala. Mwonyeshe iliyolala, iliyochongoka, iliyo kubwa. Na mwonyeshe pia umbo linalokaribia kuwa pembetatu ila upande mmoja umepinda, umuulize: hii je, na kwa nini siyo? Swali la "kwa nini siyo" hufundisha kuliko mifano kumi iliyo sahihi.

La tatu ni adhabu, au tuseme kutokuwepo kwake. Kiboko humwambia mtoto kwamba amekosea, lakini hakimwambii lililo sahihi lilikuwa lipi. Isitoshe, maumivu hayabaki kwenye swali lililokosewa. Mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner wa Baltimore, Marekani, walimtisha mtoto mchanga kwa kishindo cha chuma kila alipomgusa panya mweupe. Baada ya mara chache mtoto alilia kwa kumwona tu panya, kisha akalia hata kwa kumwona sungura ambaye hakuhusika na lolote. Ni jaribio la kikatili ambalo leo lisingeruhusiwa. Lakini kilichompata mtoto yule huwapata watoto wetu kila muhula: woga uliotoka kwa fimbo hupanda kwenye kitabu, ukaenea kwenye chumba, kwenye sauti ya mwalimu, hadi kwenye somo zima. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Penye sheria na pasipo na sheria, mzazi anayempiga mtoto juu ya daftari la hesabu anamfundisha kuogopa hesabu, na hilo atalishika haraka sana.

Sasa niseme na mafundi na wote wanaofundisha kwa mikono. Tatizo lenu ni tofauti kidogo: ninyi mnaona mno. Miaka mingi ya kazi imewapa macho ambayo mwanagenzi hana, na mmeshasahau kwamba kuna siku nanyi hamkuyaona mnayoyaona. "Huoni hapa?" mnamuuliza kijana, naye kwa adabu anajibu anaona. Haoni.

Ernst Weber, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, alionyesha katika karne ya 19 kwamba hisi zetu hupima tofauti kwa uwiano na kile kilichopo tayari. Ongeza gramu 100 kwenye nusu kilo ya sukari, mkono utajua. Ongeza gramu hizo hizo kwenye gunia la kilo 50, hakuna mbebaji atakayegundua. Kwa mwalimu maana yake ni kwamba uanze na tofauti kubwa, mahali pasipo na vurugu, ndipo uipunguze. Mama anayemfundisha binti yake kuchagua samaki asimpeleke moja kwa moja kwenye meza yenye samaki wa saa tofauti waliochanganyika. Aweke wawili ubavu kwa ubavu, wa asubuhi hii na wa juzi. Binti atazame jicho: la yule limetuna na kung'aa, la huyu limezama na kupata ukungu. Afunue mashavu: huku ni mekundu, huku yameelekea kahawia. Abonyeze nyama: huku inarudi, huku panabaki shimo. Anuse wote wawili. Siku nyingine amwekee wa asubuhi na wa jana usiku. Baadaye amfiche majibu, binti aseme mwenyewe. Kwa utaratibu huu wiki mbili za sokoni hufanya kazi ambayo ingechukua miaka ya kufuatana nyuma ya mama na kubahatisha.

Kuweka vitu viwili pamoja kuna nguvu kwa sababu kumbukumbu ya hisi ni dhaifu. Mtu akionja mchuzi leo na mwingine kesho hawezi kulinganisha sawasawa. Akivionja vijiko viwili kwa kufuatana, kasoro ya chumvi hujitokeza yenyewe. Fundi cherehani na awawekee wanagenzi mishono miwili mezani. Fundi wa pikipiki na awasikilizishe injini mbili, nzima na yenye hitilafu, kwa kupokezana. Na kila mmoja aitaje ile dalili kwa jina, kwa sababu dalili yenye jina hutafutwa, isiyo na jina hupita.

Hata jicho lililofunzwa lina hatari zake. Mwaka 2013 Trafton Drew na wenzake wa Boston waliwapa wataalamu 24 wa kusoma picha za mapafu kazi ya kutafuta vivimbe vidogo. Ndani ya picha moja walikuwa wameweka umbo la sokwe, kubwa mara 48 kuliko kivimbe cha kawaida. Wataalamu 20 hawakuliona, na wengi wao macho yao yalipita juu yake kabisa, kama mashine ya kufuatilia macho ilivyoonyesha. Walikuwa wameambiwa watafute vivimbe, na macho yao yalitafuta vivimbe. Ndiyo maana namshauri kila mwenye kazi ya ukaguzi, awe mhasibu, muuguzi au dereva anayekagua gari kabla ya safari, apite mara mbili: mara ya kwanza akifuata orodha yake, mara ya pili bila orodha, akijiuliza tu kuna nini hapa ambacho si cha kawaida.

Hapa nafikia jambo linalowakwaza wanafunzi wa sekondari na vyuo kuliko lolote, nalo ni kuamini hisia ya kwamba "nimeelewa." Hisia hiyo nayo ni makisio ya ubongo, na hukosea kwa namna inayotabirika. Ukisoma ukurasa mara ya tatu, macho yanateleza juu ya maneno bila kukwama, nawe unadhani urahisi huo ni ujuzi. Ni mazoea ya macho tu.

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis waliupima mtego huu mwaka 2006. Wanafunzi walisoma kifungu kifupi, kisha baadhi wakakisoma tena, wengine wakafunika karatasi na kuandika yote waliyoyakumbuka. Walipojaribiwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza: asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliorudia kusoma walibaki na asilimia 42, waliojilazimisha kukumbuka walikuwa na 56. Mtihani wa kidato cha nne hauji baada ya dakika 5. Kwa hiyo, kijana wangu, ukimaliza ukurasa funika kitabu. Andika ulichokishika, hata kama ni mistari mitatu. Fungua, angalia ulichokiacha, funika tena. Rudia kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki ijayo. Utajiona unasahau, na utaona kazi ni ngumu kuliko ya mwenzako anayepitisha kalamu ya rangi juu ya kila mstari. Ugumu huo ndio unaojenga.

Kuna kisa cha hesabu ambacho ningependa kila mwalimu akijue. Doug Rohrer na Kelli Taylor wa Florida waliwafundisha wanafunzi wa chuo kutafuta ujazo wa maumbo manne. Kundi moja lilifanya maswali yote ya umbo la kwanza, kisha ya pili, na kuendelea. Kundi la pili lilipewa maswali yaleyale yaliyochanganywa. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilipata asilimia 89, la pili 60. Mwalimu yeyote angesema kundi la kwanza ndilo limeelewa. Wiki moja baadaye walipewa mtihani: kundi la kwanza lilipata asilimia 20, la pili 63. Mwenye kufanya maswali 20 ya aina moja hana haja ya kujiuliza hili ni swali la namna gani. Kichwa cha zoezi kimeshamwambia. Mtihani hauna kichwa cha namna hiyo. Aliyechanganyiwa alijifunza kwanza kutambua swali, ndipo kulijibu. Vitabu vyetu vingi hupanga mazoezi kwa mafungu. Chukua kalamu, uchague maswali mawili kutoka kila sura, uyavuruge, na hilo liwe zoezi la kila Ijumaa.

Nawasihi pia tuwe waangalifu na neno "hawezi." Robert Serpell, aliyefanya kazi Zambia miaka mingi, alichapisha mwaka 1979 ulinganisho wa watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza. Aliwataka wanakili maumbo kwa njia mbalimbali. Kwa kalamu na karatasi, wa Manchester walishinda. Kwa udongo, walilingana. Kwa waya, wa Lusaka walishinda, maana wao ndio wanaotengeneza magari ya waya mitaani. Umbo ni lilelile na mtoto ni yuleyule; kilichobadilika ni kile ambacho mikono na macho yake yamekifanyia mazoezi. Charles Super naye alikaa na Wakipsigis wa Kokwet nchini Kenya katika miaka ya 1970, akakuta watoto wao wanakaa na kutembea karibu mwezi mmoja mapema kuliko wa Marekani. Wazungu wengi walikuwa wakisema ni mambo ya damu. Super alitazama kinachofanyika nyumbani: mama wa Kikipsigis humkalisha mtoto makusudi, humshika na kumzoesha hatua. Kutambaa hawakukufundisha, na katika kutambaa watoto hao hawakuwatangulia wenzao. Kwa hiyo, mtoto akishindwa kwa njia moja, badili njia kabla ya kutoa hukumu. Anayeshindwa sehemu za hesabu kwenye karatasi mkatie chungwa, umpe pia kamba ya kupima na kukunja.

Limebaki jambo ambalo kwa haki lingekuwa la kwanza kufanywa nyumbani, wiki hii. Kabla ya kufunza sikio, hakikisha linasikia. Mtoto anayetokwa na usaha masikioni, anayeongeza sauti ya redio, anayejibu "eeh?" kila mara au anayefahamu vizuri pale tu anapokutazama usoni, huenda hasikii sawasawa. Simama nyuma yake kwa umbali wa mkono, azibe sikio moja kwa kidole, umnong'oneze tarakimu na herufi, tuseme "nne, b, saba," naye arudie. Badili, ujaribu sikio la pili. Akikosa mara kadhaa, mpeleke kituo cha afya akapimwe, na usimchokonoe kwa njiti wala kumtia mafuta ya moto. Kwa macho, dalili ni kukunja uso akitazama ubao, kusogeza kitabu puani, kunakili vibaya kutoka ubaoni huku akiandika vizuri anaposomewa. Funika jicho moja kisha la pili, asome kalenda ya ukutani kutoka upande wa pili wa chumba, ulinganishe na unavyoona wewe au ndugu yake. Wavulana wachache huzaliwa wasiotofautisha nyekundu na kijani. Mtoto wa namna hiyo hapotezi chochote mradi mwalimu asitumie chaki ya rangi peke yake kuonyesha jibu sahihi. Ukishapata majibu ya vipimo, mwandikie mwalimu wake wa darasa barua fupi, umwombe amkalishe mstari wa mbele, upande ule sikio lake au jicho lake lililo zima linapoelekea ubaoni.